Batman mzee asiyesema anachowaza: kutoka kurasa za Frank Miller hadi filamu ya katuni

Kuna uamuzi mmoja wa mwongozaji Jay Oliva ambao mashabiki wa Batman bado wanaubishania. Alipoigeuza The Dark Knight Returns, riwaya ya michoro ya Frank Miller ya mwaka 1986, kuwa filamu ya katuni, aliyaondoa mawazo ya ndani ya Batman. Filamu ilitoka kwa sehemu mbili, ya kwanza Septemba 2012 na ya pili Januari 2013, na katika zote mbili Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, hasimulii chochote. Mimi ni mchoraji wa storibodi, ile michoro ya kupanga matukio ya filamu kabla haijatengenezwa, kwa hiyo suala hili nalitazama kwa jicho la fundi: naona Oliva alikuwa sahihi, na bado kuna kitu kikubwa kilichopotea.

Kwa ambaye hajakisoma kitabu: Bruce ana miaka 55. Amestaafu ubatman kwa miaka kumi, mji wake wa Gotham umeshikwa na genge la vijana wanaojiita Mutants, naye anarudi mitaani akiwa na mwili usiomtii tena kama zamani. Miller anatuingiza kichwani mwake kwa visanduku vidogo vya maneno, sentensi fupi zilizokatika katika, kama mtu anayehema. Mzee anajikemea, anahesabu maumivu, anafurahia vita kwa namna inayotisha kidogo. Ukivifunika visanduku hivyo kwa mkono, unabaki na kitabu kingine kabisa.

Sasa, kwa nini uviondoe? Kwa sababu ya muda. Kwenye ukurasa picha imesimama. Msomaji anaiona ngumi, anasoma maneno ishirini yaliyo juu yake, anarudi kuitazama ngumi, na wala haijasogea. Kwenye filamu ngumi huchukua nusu sekunde kufika usoni. Maneno ishirini yakisemwa kwa sauti ya mzee mchovu yanakula kama sekunde nane. Hapo unaweza kuichelewesha ngumi mpaka ipoteze uzito, au uendelee na sauti juu ya mapigano mengine ambayo hayahusiani na maneno hayo, au uyakate maneno. Mwenye kuchora storibodi hukutana na hesabu hiyo katika kila onyesho la vita, na hakuna ujanja wa kuikwepa.

Mfano mzuri ni pambano la pili kati ya Batman na kiongozi wa Mutants, lile la kwenye tope. Mara ya kwanza Batman alimvaa kijana huyo kwa nguvu, wakatwangana kama watu wa rika moja, na akapigwa vibaya. Mara ya pili anamvuta kwenye shimo la tope, mbele ya genge lake zima, ili kasi ya ujana imezwe na matope. Kisha anamvunja kiungo kimoja kimoja kwa utulivu wa daktari wa upasuaji. Kitabuni hesabu hiyo tunaisikia ikifanyika kichwani. Filamuni lazima ionekane mwilini: nani anahema, nani anateleza, nani anasubiri. Oliva anauacha utulivu wa mzee uonekane kabla ya kila pigo, na sauti ya Peter Weller, mwigizaji wa Batman, inapotoka, inatoka kavu na bila haraka. Onyesho hilo ukilitazama bila kujua kitabu, unaelewa kila kitu. Kwangu hicho ndicho kipimo.

Wapinzani husema mbona Batman: Year One, filamu ya katuni ya 2011 iliyotokana na kazi nyingine ya Miller, ilibakiza masimulizi na ikapendeza. Ni kweli. Lakini hadithi ile imejengwa kama shajara ya watu wawili, polisi Gordon na Bruce, ikiwa na tarehe zake na nafasi kubwa za ukimya ambamo sauti inaweza kukaa. Kitabu cha 1986 hakina nafasi hizo. Kimejaa kelele.

Na kelele zenyewe ni za televisheni. Miller alizigawa kurasa nyingi katika gridi ya visanduku 16, vinne kwa vinne, na vingi kati yake ni skrini za watangazaji, wanasiasa na wataalamu wa saikolojia wanaobishana kama Batman ni mkombozi au mgonjwa. Hapa filamu ilikuwa nyumbani, maana televisheni ndani ya filamu haihitaji kutafsiriwa. Nampongeza pia aliyepanga sauti: mtangazaji wa kipindi cha usiku ambacho Joker, adui wa Batman, anakigeuza kuwa mauaji ameigizwa na Conan O'Brien, ambaye wakati huo hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake halisi. Naye Weller ndiye aliyekuwa RoboCop mwaka 1987, katika filamu nyingine iliyosimamisha hadithi yake kila mara ili kutuonyesha taarifa za habari.

Upande wa michoro sina mengi. Kitabuni, wino wa Klaus Janson una mikwaruzo na vivuli vizito, na rangi za Lynn Varley zimetandazwa kama maji. Dakika moja ya filamu ina fremu, yaani picha moja moja, 1,440, na hata mchoro mmoja ukishika fremu mbili mbili, bado ni michoro 720 kwa dakika. Mikwaruzo ya namna ile hairudiwi mara 720. Waliisafisha, wakabakiza umbo la Batman: mpana, mzito, mabega kama ukuta.

Nilichokikosa kweli kipo mwanzoni kabisa. Bruce anaendesha gari la mashindano hadi linalipuka, na kitabuni tunamsikia akipima kama kifo hicho kingemtosha. Maneno machache tu, nayo yanaibadilisha hadithi nzima: mtu huyu anarudi kuwa Batman kwa sababu anatafuta mwisho unaomstahili. Filamuni tunaona mwendo, moto, na mtu aliyeponea chupuchupu. Hapo palikuwa na sekunde za kutosha kwa sentensi moja, na ningeipigania.

Pengo hilo linaonekana katika sehemu ya pili, Batman anapomkabili Superman. Filamu imelirefusha pambano hilo kuliko lilivyo kitabuni, na kama kazi ya katuni ni la kusisimua sana: deraya, ngumi, lami inayopasuka. Ila kitabuni pigo la mwisho lina uzito kwa sababu tumekuwa tukimsikia mzee huyu akizungumza na kifo tangu ukurasa wa kwanza wa mbio za magari. Anayetaka kuona tofauti hiyo aweke kitabu wazi kwenye pambano hilo, aitazame filamu hadi moyo wa Batman unaposimama, kisha asome visanduku vya kurasa zile zile.