Vifundo vya farasi vikivimba: yanayosemwa zizini na yalivyo kweli

Udongo mwekundu wa Lubumbashi hukauka na kushikana tangu Mei hadi Oktoba, na farasi anayekimbizwa juu yake hupata kishindo kikubwa zaidi vifundoni. Mvua zikianza Novemba, uwanja ukajaa matope, farasi hushinda zizini na miguu huvimba kwa sababu nyingine kabisa. Kwa macho uvimbe huo wa aina mbili unafanana. Kwa mkono haufanani, na kinachoponya mmoja huweza kuharibu mwingine.

“Mguu ukivimba, farasi asitoke zizini.”

Inategemea. Kama miguu yote miwili ya nyuma imejaa kuanzia kifundo cha juu ya kwato, ni ya baridi, haiumi, na kidole ukikibonyeza kinaacha shimo kwa muda, hayo ni majimaji yaliyotuama kwa kusimama mno. Chini ya goti farasi hana misuli ya kuyasukuma yarudi juu. Hurudishwa na mwendo wenyewe. Mtembeze kwa kamba dakika 15 hadi 20, utaona yanapungua. Kumfungia ndani kunayazidisha.

Mguu mmoja peke yake, wenye joto, au farasi anayechechemea, ni habari nyingine: asitembezwe mpaka sababu ijulikane. Pima joto la ngozi kwa mgongo wa kiganja, ukilinganisha na mguu wa upande wa pili, kabla ya kazi na kabla ya kumwagia maji. Pima na joto la mwili: la kawaida ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Mapigo ya moyo akiwa ametulia ni 28 hadi 44 kwa dakika.

“Ni maji tu, yavutwe kwa sindano.”

Vivimbe laini pande mbili za kifundo, vya baridi na visivyouma, huwapata farasi wengi wa kazi. Kikikaa kati ya mfupa na ligamenti iliyo nyuma yake, ni kiungo chenyewe kilichojaa ute. Kikikaa nyuma zaidi, karibu na kano, ni ala ya kano, yaani mfuko unaoizunguka kano. Ukiuvuta ute hurudi, kwa kuwa utando unaoutoa bado umekereka, na sindano yenyewe inaweza kuingiza vijidudu mahali palipokuwa safi. Vya namna hiyo viache. Lakini farasi kijana akivimba kiungo kikubwa cha katikati ya mguu wa nyuma, apigwe picha ya eksirei: huenda kipande cha gegedu (mfupa laini wa kiungo) na mfupa kimebanduka.

“Kidonda ni kidogo, kitakauka chenyewe.”

Hii ndiyo dhana inayoua farasi. Msumari, waya au mwiba ukitoboa ngozi karibu na kiungo, tundu linaweza kuwa dogo kuliko punje ya mahindi na bado likafika ndani. Siku ya kwanza farasi mara nyingi hachechemei sana, kwa sababu ute unapata pa kutokea. Tundu likiziba, shinikizo linapanda, na ghafla hakanyagi kabisa. Watu husema kidonda kilikuwa kimepona. Kumbe usaha umefungiwa ndani na unakula gegedu.

Dawa ya kuua vijidudu ikichomwa shingoni peke yake kwa kawaida haitoshi. Kiungo lazima kisafishwe na veterineri kwa lita kadhaa za maji tasa, yaani yasiyo na vijidudu, na saa 24 za kwanza ndizo zenye matumaini makubwa. Ili kujua kama tundu limefika ndani, huingiza maji tasa kiungoni kutoka upande mwingine na kutazama kama yanatokea kidondani. Ute mzima una chembe nyeupe za damu chini ya bilioni 1 kwa lita. Zikipita bilioni 30, hesabu ni maambukizi.

Ukimsubiri veterineri: nyoa manyoya kuzunguka kidonda, suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, kisha funika kwa kitambaa safi. Usichokoe. Usipake majivu, mafuta wala unga wowote. Uliza kinga ya pepopunda, maana farasi huugua pepopunda upesi kuliko wanyama wengi.

Mtoto wa farasi hahitaji hata kidonda: vijidudu huweza kuingia kwa kitovu. Kiungo chake kikivimba, chukulia ni maambukizi na uite veterineri siku hiyohiyo.

“Joto na dawa kali ya kusugua huyeyusha uvimbe.”

Kwa jeraha jipya, saa 48 za kwanza ni za baridi: dakika 20, mara 3 au 4 kwa siku, kitambaa kikiwa kati ya barafu na ngozi. Umeme ukikatika na barafu haipo, maji ya bomba au ya bidoni yakimwagwa taratibu yanasaidia. Na kuchoma kwa chuma cha moto? Utafiti wa Bristol, Uingereza, uliotolewa 1983, haukuona faida yoyote kwa kano.

“Bandeji ikikazwa ndiyo inafanya kazi.”

Bandeji iliyokazwa bila pamba huumiza kano. Weka pamba ya sentimita 2 au 3, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia kwa mkazo uleule, na ifunguliwe kila saa 12. Funga na mguu wa pili, unaobeba uzito wa mwenzake.

“Fenilibutazoni inaponya.”

Inapunguza maumivu na uvimbe, sababu inabaki. Veterineri kwa kawaida humpa farasi wa kilo 450 gramu 2 mara mbili siku ya kwanza, kisha gramu 1 mara mbili. Ukizidisha, au ukiichanganya na flunikisini, dawa nyingine ya maumivu ya jamii hiyohiyo, vidonda vya tumbo na madhara ya figo viko karibu. Tena farasi asiyesikia maumivu huanza kukimbia juu ya kiungo kilichoharibika.

Miguu yote minne ikivimba pamoja na homa, fizi zikawa nyeupe au za njano, acha kutazama viungo. Fikiria magonjwa ya kupe, na kama farasi ametoka kwenye pori lenye mbung'o, ya mbung'o pia. Damu ichukuliwe ipelekwe maabara kabla hajachomwa dawa yoyote.