Asilimia 5 ya wakfu si fungu lenu

"Kaka, wale wa wakfu sheria inawalazimisha watoe asilimia 5 ya mali yao kila mwaka. Kazi yetu sisi ni kuandika maombi tu." Anasema wakfu binafsi, yaani mifuko ya misaada ambayo kwa kawaida huanzishwa na tajiri au familia yake. Juzi nimeambiwa hivyo tena, safari hii na mwenyekiti wa jumuiya moja ya Wakongo huku Texas. Basi leo naandika, ili atakayefuata nimtumie kiungo nami niendelee na kazi zangu.

Riziki yangu ni maandiko ya ruzuku, mengi ya vikundi vya wakimbizi na wahamiaji vinavyoendesha masomo ya Jumamosi, mpira wa vijana na madarasa ya wazazi. Habari ya 501(c)(3), ile hadhi ya shirika la hisani lisilolipa kodi, siirudii. Kama hamnayo, tafuteni shirika lililosajiliwa liwapokelee fedha kama mdhamini wenu, likate asilimia yake, maisha yaendelee.

Sasa hiyo asilimia 5. Ipo kweli. Sheria ya kodi ya 1969 ndiyo iliyozibana wakfu binafsi za Marekani zigawe kila mwaka badala ya kuukalia mtaji. Ila haisemi zimgawie nani! Hesabu inapigwa kwa wastani wa thamani ya mali walizowekeza, na wakfu una nafasi hadi mwisho wa mwaka unaofuata kukamilisha. Mishahara na gharama za ofisi zinazohusu kazi ya kutoa misaada nazo zinahesabiwa humohumo. Mwaka huu ukitoa kupita kiwango, ile ziada unaweza kuitumia kupunguza deni la miaka 5 inayofuata. Na ukizipeleka zote kwenye jumba la makumbusho na chuo alichosoma babu yao, sheria imetimia. Hakuna afisa wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, atakayeuliza mbona watoto wa Abilene, mji wa huku Texas, hawakupata kitu. Kwa hiyo, mwenyekiti wangu, hakuna fedha iliyoketi mahali ikisubiri Kiingereza kizuri.

Kila wakfu binafsi hujaza kila mwaka fomu ya kodi iitwayo 990-PF, na fomu hiyo mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma. ProPublica, shirika la habari za uchunguzi, wanaziweka mtandaoni bure. Nenda moja kwa moja sehemu ya ruzuku. Kabla ya orodha ya waliopewa kuna kisanduku kidogo. Kikiwa na alama, maana yake wakfu huo unayapa mashirika uliyokwisha kuyachagua na haupokei maombi ya mtu mwingine. Hapo funga kompyuta, kanywe chai. Nimeshaona watu wakikesha wiki nzima juu ya andiko la wakfu wenye alama hiyo, kisha jibu lisipokuja wanalia ubaguzi. Ubaguzi upo, sibishi, lakini hapo hata bahasha haikufunguliwa.

Zinazopokea maombi nazo zina mipaka yake. Meadows Foundation ya Dallas, ya tangu 1948, hutoa ndani ya Texas tu, na ni jimbo zima. Houston Endowment, iliyoanzishwa 1937, macho yake yako Houston na viunga vyake. T.L.L. Temple Foundation ya Lufkin inashughulika na mashamba na miji midogo ya mashariki. Kikundi cha Abilene, kule magharibi, kikiwaandikia hao wawili wa mwisho kinajichosha bure.

Kisha shuka kwenye orodha yenyewe: jina la shirika, anwani, madhumuni, kiasi. Kama ruzuku ndogo kuliko zote ni dola 50,000 na bajeti yenu ya mwaka ni dola 30,000, msijisumbue. Wataogopa kuwapa fedha zinazowazidi kimo. Kama majina ni yaleyale miaka mitatu mfululizo, mtafute mmoja wao anayefanya kazi na vijana, mwombe mshirikiane, mwingie kwa mgongo wake. Kumbuka tu kwamba fomu huwa imepitwa na mwaka mmoja au zaidi, na bodi hubadili mawazo.

Na mama anayetaka msaada wa kodi ya nyumba msimwelekeze huku. Wakfu nyingi hutoa kwa mashirika, si kwa mtu mmoja mmoja. Mpelekeni kanisani, au kwa shirika lililompokea alipofika.

Kuna jambo kwenye mafunzo yetu ya kuandika maombi hatulisemi. Kila mfadhili anataka matokeo, nami naandika kwamba vijana 40 watakuja na mahudhurio yao shuleni yatapanda. Yakipanda, ni sisi? Au ni mwalimu mpya? Au baba kahamishiwa zamu ya mchana kiwandani, sasa jioni yuko nyumbani? Sijui, na sidhani kama afisa wa programu, yule wa wakfu anayesoma maombi, anajua. Andiko ninaloliona la kawaida hupita, zuri likarudishwa na barua ya sentensi mbili. Huwa napiga simu kuuliza sababu. Wapo maafisa wanaofunguka, wapo wanaosema bodi imeamua, basi. Bodi nyingine ni bwana, mkewe na watoto wao, na majina yao yote yamo kwenye fomu ileile ambayo watu hawataki kuisoma.