Trela la kambi halinunuliwi likiwa limefungwa

Wiki iliyopita mama mmoja Mkenya, muuguzi, alinipigia simu sauti imemlegea. "Fundi, trela nimelisugua mpaka linang'aa, picha nimeweka kumi na mbili, watu wanauliza kisha wanapotea. Kasoro iko wapi?" Nikamwomba anitumie hizo picha. Zote zilikuwa za trela lililofungwa: sanduku jeupe juu ya magurudumu mawili, mbele, nyuma, ubavuni, na moja ya machweo. Ilikuwa nzuri sana ile ya machweo, lakini mnunuzi akiona sanduku lililofungwa haoni usafi. Anajiuliza kilichofichwa ndani.

Kwa wasiolifahamu, nazungumzia lile trela dogo ambalo Wamarekani hulivuta kwa gari la kawaida la familia hadi kambini. Njiani ni boksi la kimo cha kifua. Ukifika unazungusha mpini wa winchi, paa linapanda, vitanda viwili vinavutwa nje mbele na nyuma, na katikati kunabaki kuta za turubai zenye madirisha ya wavu. Sisi mafundi tunaliita popapu. Mimi nayatengeneza hapa kaskazini mwa Indiana, upande wa Elkhart, ambako sehemu kubwa ya magari na matrela ya kambi ya Marekani huundwa. Kampuni ya Jayco ilianzia hapa jirani, Middlebury, mwaka 1968, kwa popapu zenye mfumo wa kuinua paa aliouunda mwanzilishi wake, Lloyd Bontrager. Kwa hiyo eneo hili kila nyumba ya tatu ina popapu uani, au ndivyo ninavyoona mimi kwa sababu zote huishia kwangu.

Kama unataka kuuza lako, jua kwanza unauza nini. Friji, jiko na rangi ya mito ni nyongeza. Mnunuzi anayejua kazi analipia ukavu. Mengine yote hutengenezeka.

Safari ya mwisho ya likizo mara nyingi huishia na mvua asubuhi ya kuondoka. Baba ana haraka, watoto wana shule kesho, turubai linakunjwa likiwa bichi na paa linashushwa. Siku chache humo gizani zinatosha kuvu kuanza. Mwaka unaofuata kuna madoadoa meusi na harufu ya gunia la mahindi lililonyeshewa. Madoa mengine hayatoki kabisa, na usijaribu kuyatoa kwa jiki: inakula uzi wa mishono na kuondoa dawa ya kuzuia maji. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, brashi ya nywele laini, kisha liache wazi juani mpaka hata mikunjo ya pembeni ikauke. Siku mbili, tatu ikibidi. Doa likibaki, lionyeshe. Na harufu usiifunike. Bwana mmoja wa Mombasa alifukiza udi trela zima kabla mnunuzi hajafika. Yule mzungu aliingia, akanusa, akatoka, akauliza kwa adabu kama kuna kitu kilifia humo. Bwana yule hakunielewa nilipomwambia udi wake ulimgharimu mauzo.

Baada ya turubai, sakafu. Ni plaiwudi, na ikila maji hulainika kama mkate kwenye chai. Kanyaga kwa kisigino kwenye kona zote nne, mlangoni na chini ya sinki. Ukisikia inabonyea, mnunuzi naye ataisikia. Kisha chunguza kingo za paa, pale silikoni ilipokauka na kupasuka. Kuna paa za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilizofinyangwa kwa plastiki ya ABS kipande kimoja, na nyingi zilipata nyufa. Kama lako ni la aina hiyo, sema mapema limezibwa lini na kwa kitu gani, maana mnunuzi makini atakuwa ameshasoma habari zake.

Halafu mfumo wa kuinua paa. Hapo ndipo mauzo hufanyika au hufa, na ndiyo sababu nasisitiza: mnunuzi akifika, akute trela limefungwa, ulifungue mbele yake. Picha ziwe za trela wazi, lakini siku yenyewe aone linavyopanda. Sawazisha trela, shusha miguu ya kona nne, kisha zungusha winchi polepole. Nyaya za chuma zinapita kwenye kapi chini ya sakafu na kusukuma nguzo nne za kona. Kona moja ikichelewa kuliko nyingine, waya umevutika au kapi imekauka. Nyuzi za waya zikiwa zimechomoka kama nywele, usilifungue mbele ya mtu, usizungushe tena, leta kwa fundi. Waya ukikatika paa linashuka lenyewe, na hakuna mkono unaotakiwa kuwa chini yake. Mwache mnunuzi azungushe yeye mwenyewe nusu ya pili. Nimeona mara nyingi: mtu akishainua paa kwa mkono wake, haulizi tena "litafunguka kweli?" Anaanza kuuliza watoto watalala upande gani.

Friji za matrela haya nyingi hutumia umeme wa nyumba, umeme wa gari au gesi, na huchukua saa nyingi kupata baridi. Iwashe usiku wa kuamkia siku ya mnunuzi. Ukiiwasha anapogonga geti, atagusa ndani, ataona joto, atakata bei. Mtungi wa gesi nao una tarehe iliyogongwa kwenye kola, ule ukingo wa chuma unaozunguka valvu. Ukipita miaka 12 tangu utengenezwe haujazwi mpaka ukaguliwe upya, na mara nyingi ni nafuu kubadilisha mtungi.

Matairi watu huyasahau kwa sababu kashata bado ni nene. Tairi la trela huzeeka kwa kukaa. Angalia ubavuni, mwisho wa namba inayoanza na DOT: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mimi likipita miaka sita sikubali liende barabara kuu, hata likiwa na manyoya yake yote. Inua gurudumu kwa jeki, lizungushe. Likinguruma au likicheza, beringi zinaomba grisi au zimekufa.

Hayo ya matairi, beringi, taa na zipu za madirisha yatengeneze kabla hujatangaza, hayana gharama kubwa. Turubai jipya usinunue. Kwa trela kuukuu, seti nzima inaweza kukaribia bei ya trela lenyewe, na hutairudisha hiyo fedha. Afadhali ushushe bei na useme kwa nini.

Msimu ni muhimu kuliko ujanja. Huku kwenye baridi watu huanza kuota kambi theluji inapoyeyuka, kuanzia Machi hadi Mei. Oktoba utauza kwa mtu anayejua kwamba huna pa kuliweka. La kwangu nililinunua Oktoba nikaliuza Aprili miaka saba baadaye, watoto walipoanza kusema kambini hakuna intaneti. Nilipoteza dola mia tatu tu. Sijivunii sana, muuzaji wangu alikuwa anahama.

Kuna ndugu huniuliza kama wapakie kwenye kontena wapeleke Dar au Mombasa. Umeme wake ni wa volti 120, na mlango uko kulia kwa sababu hapa kulia ndiyo kando ya barabara. Nyumbani tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukisimama kando watoto watashukia katikati ya malori. Uza hapa hapa.

Fedha na karatasi. Atakayekuandikia kwamba hana haja ya kuliona, atakutumia hundi ya benki yenye ziada umlipe "dereva wake", ni mwizi. Hundi hiyo itaonekana imepita, kisha itarudi wakati ziada umeshaituma. Kutaneni ndani ya benki ya mnunuzi, hundi iandikwe mbele yako, au akulipe taslimu. Hati ya umiliki ijazwe jina la mnunuzi na tarehe hapo hapo, usisaini ukaacha nafasi wazi. Baadhi ya majimbo hayatoi hati kwa matrela mepesi, na hapo barua ya mauzo yenye namba ya chasisi ndiyo kila kitu. Kama mkopo haujaisha, malizana na benki kwanza. Na lijulishe jimbo kwamba si lako tena, lisije likakuletea bili ya ajali ya mtu mwingine.

Yule mama tulilifungua Jumamosi. Kona moja ya sakafu ilikuwa laini kidogo, tukaipiga picha, tukaiweka ya pili, baada ya picha ya trela wazi lenye vitanda vimetandikwa. Jumapili walikuja watu watatu. Wa pili alilichukua, dola mia moja chini ya bei aliyotangaza mama, akaikubali ile kona bila kubishana. Kilichotuchelewesha ni kile kichwa cha duara cha kuunganishia trela nyuma ya gari la mnunuzi: kilikuwa cha inchi 1⅞, na trela linataka inchi 2. Kichwa kidogo huchomoka kwenye mashimo ya barabara. Ilibidi twende dukani kwanza, na sasa swali hilo nawaambia wauzaji waliulize kwenye simu.