Picha kali haitoshi kumjua ndege wa matete

Nimetumiwa picha nyingine ya ndege mdogo wa matete wiki hii, kutoka huku kwetu Mwanza, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Ni safi, hilo silipingi: jicho linang'aa, vinyweleo vya pembeni mwa mdomo unavihesabu, mafunjo ya nyuma yameyeyuka yakawa ukungu wa kijani. Chini yake kaandika: "Palustris, Luchelele. Programu imethibitisha." Palustris ni jina la spishi, na programu ni ile ya simu ya kutambua ndege. Jamani, programu haithibitishi kitu. Inakisia. Na ndege mwenyewe kaielekezea kamera kifua, bawa halionekani hata chembe. Nikamjibu, "Acrocephalus, hongera kwa picha." Yaani nimetaja jenasi tu, ukoo wa hawa ndege wa matete, spishi nimeiacha. Akanuna.

Basi ngoja niandike mara moja, wengine nitakuwa nawatumia hapa.

Acrocephalus wanaofahamika tuwaondoe mapema, na nitawaita kwa majina yao ya spishi tu. Schoenobaenus ana mistari mgongoni na nyusi pana ya rangi ya krimu. Ukimkosea huyo, pumzika kidogo, unywe chai. Gracilirostris ni mwenyeji, tumbo jeupe, miguu myeusi-myeusi, na anaimba kama aliyelipwa. Rufescens ni mkubwa, kijivujivu, na makao yake ni mafunjo mazito. Hawa hawagombanishi watu. Ugomvi wote uko kwa watatu: scirpaceus anayetoka Ulaya na Asia, palustris anayetoka hukohuko, na baeticatus anayezaliana hapahapa Afrika. Wote kahawia, wote wadogo, wote hawana alama ya maana. Ukiwaona Machi au Aprili kwenye matete ya Nyegezi au Igombe, wageni wakiwa njiani kurudi kaskazini, rangi ya kifua na uzuri wa jicho havitakusaidia chochote.

Angalia bawa. Bawa likiwa limekunjwa, kuna manyoya matatu ya ndani yanayolala juu kama kifuniko, halafu chini yake yanachomoza manyoya makuu ya kurukia kuelekea mkiani. Pima kwa macho: sehemu iliyochomoza ina urefu gani ukilinganisha na hayo manyoya ya ndani? Kwa wale wageni wawili, inakaribia kulingana nayo. Kwa baeticatus ni fupi waziwazi, kama nusu au zaidi kidogo. Sababu yake haina uchawi. Anayevuka Sahara anahitaji bawa refu lililochongoka. Mwenyeji hahitaji tanga kubwa hivyo kuvukia ghuba. Ndiyo maana hata Phylloscopus trochilus, mgeni mwingine, yule mdogo wa kijani-manjano anayepekua migunga yetu, ana ncha ndefu kuliko umbo lake linavyokuahidi. Wapo waliofuatiliwa kwa vifaa kutoka Siberia ya mashariki ya mbali hadi upande huu wa Afrika, safari ya kama kilomita 13,000, na ndege mwenyewe ana gramu 10 hivi.

Sasa hapa ndipo wapiga picha wazuri wanaponichosha. Mnangoja ndege ageuke awaangalie, jicho lishike mwanga, ndipo mnabonyeza. Nyuzi chache tu akigeuka kuelekea kwako, ile ncha ya bawa inafupika pichani. Mgeni mwenye bawa refu anageuka kuwa mwenyeji mwenye bawa fupi, na picha ni kali ajabu, na ni ya uongo. Akilegeza bawa kidogo, labda kaloa mvua, manyoya ya ndani yanateleza na kipimo kimeharibika tena. Upepo nao ukiyainua, yale yale. Kwa hiyo unahitaji ubavu kamili, bawa limekunjwa sawasawa, tena zaidi ya picha moja. Piga mfululizo. Picha ambayo jicho limefifia lakini bawa limenyooka ndiyo ninayoitaka mimi, na ndiyo hiyo mnayoifuta jioni mkipunguza mafaili!

Jambo la rangi nalo. Vitabu vitakwambia scirpaceus ana kiuno cha wekundu-wekundu na palustris ana uzeituni. Sawa, mkononi mwa mvisha pete, yule mtafiti anayewanasa ndege na kuwavisha pete miguuni, kwenye mwanga wa kawaida. Ndani ya mafunjo mwanga wote umepita kwenye majani, na kila kilichomo humo kina uzeituni, hata mkono wako. Hifadhi faili ghafi (RAW) ili urekebishe rangi baadaye, na tafuta kitu unachokijua rangi yake kwenye picha hiyohiyo. Tete lililokauka linasaidia. Maji meupe yakiwa nyuma, ongeza mwanga, la sivyo utapata kivuli chenye mdomo. Kinachotupa ahueni kidogo ni kwamba wageni hawa hubadilisha manyoya wakiwa Afrika, kwa hiyo Machi wana nguo mpya na kingo za manyoya zinasomeka. Kwa palustris utaona ncha zenye kingo za weupe zilizopangika vizuri, na kucha zake huwa nyepesi kuliko za scirpaceus. Ndiyo, nimesema kucha. Piga na miguu.

Haya, hata ukiyapata yote hayo, usishangae ukibaki huna jibu. Scirpaceus wa mashariki, wale wa spishi ndogo ya fuscus wanaokuja pande zetu, wamepauka, wana ujivu, na wanamsogelea palustris kuliko inavyofaa. Vitabu vinachora wawili hawa ukurasa mmoja, vishale viwili, kwisha. Mimi nina folda nzima niliyoiita "Mungu ajuaye" na haipungui. Kuna picha humo nilizozitazama miaka na miaka na kila mwaka nabadili mawazo. Tena wapo wataalamu wanaomhesabu baeticatus kuwa scirpaceus tu, spishi moja. Ukiwafuata hao, nusu ya ugomvi wetu inabaki wa kujua nani mgeni na nani mwenyeji, na bado mimi ningetaka kujua.

Kuhusu palustris hasa, mnampenda mno. Njia yake kubwa ya mapito iko mashariki zaidi. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi nchini Kenya, ambako ndege wamekuwa wakivishwa pete tangu 1969, ni miongoni mwa wanaonaswa kwa wingi kabisa. Na akiwa Afrika anapenda vichaka na magugu marefu kuliko matete yaliyosimama majini. Kwa hiyo ukiniambia umempata katikati ya maji, nitainua nyusi kwanza. Sisemi haiwezekani; ndege akiwa safarini hutua alikopata. Ila ungemsikia akiimba ningeamini haraka zaidi, maana huyu ni mwigaji. Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha mwaka 1979 utafiti alioufanya Ubelgiji, akakuta kila dume huiga kwa wastani sauti za spishi 76 za ndege, na zaidi ya nusu ni wa Afrika. Anaenda kutongoza Ulaya kwa sauti za ndege wetu! Rekodi hata kwa simu, sekunde kadhaa. Lakini usimchezee sauti iliyorekodiwa ili atoke. Siku hizo anakula mchana ili usiku usimkute bure, ajaze mafuta ya safari, na wewe unamkimbiza huku na huko akitafuta mpinzani ambaye hayupo.

Mahali na saa, kwa haraka. Wanasafiri usiku, kwa hiyo mvua ya usiku ikinyesha, asubuhi kuna ndege waliolazimika kutua. Nenda alfajiri, kuanzia saa nne upepo wa ziwani unaanza kutikisa matete na hutapata bawa lililotulia. Siku za mwezi mwandamo, yale mawingu ya wadudu yakipanda kutoka ziwani, kesho yake kagua vichaka vya ufukweni kwenye upande yalikoangukia, maana ndege wanakula nje, wazi, bila kujificha. Zima fokasi ya kutafuta yenyewe, itashika tete la mbele kila mara. Weka nukta moja au zungusha kwa mkono. Lenzi ya milimita 400 inatosha ukikodi mtumbwi na mwenye mtumbwi akakubali kukaa kimya. Usiingie majini kwa miguu: kichocho kipo, na viboko hawajali wewe ni mpiga picha.

Mkinitumia, nitumieni mfululizo wote, haujakatwa, haujanolewa, pamoja na saa na mahali. Zile mbovu mnazoona aibu kuzituma ndizo nitakazozifungua kwanza.