Prestonpans, 1745: Cope hakukutwa amelala

Wimbo wa kumkejeli Jenerali John Cope, kamanda wa jeshi la Mfalme George II aliyeshindwa vitani Prestonpans, Scotland, umeimbwa huko vizazi na vizazi, na wengi wanaamini kuwa Wajakobiti, waasi waliotaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye ufalme, walimkurupusha kitandani. Uzushi mtupu. Usiku wa kuamkia 21 Septemba 1745 alikuwa uwanjani na jeshi lake, mioto ikiwaka mbele ya kikosi na doria za farasi zikizunguka. Baraza la uchunguzi lilimsafisha mwaka 1746, ila nani anashindana na wimbo?

Kilichomponza ni kuamini kinamasi. Alipanga askari watazame kusini, matope yakiwa mbele yao, bahari nyuma, kuta za mashamba magharibi. Wajakobiti, wafuasi wa mwanamfalme Charles Edward Stuart, walikuwa Tranent, kijiji kilicho kwenye mwinuko, na waliona wazi kwamba kuvuka hapo mchana ni kujipeleka machinjioni.

Sifa za kuvuka hupewa Lord George Murray, jenerali wa Wajakobiti, peke yake. Ni kweli alishaamua kuzungukia mashariki, lakini aliyeijua njia ni Robert Anderson, kijana wa huko aliyezoea kuwinda ndege kwenye kinamasi kile. Mnamo saa kumi alfajiri wakaanza kumfuata watatu watatu, kimya, kwenye kinjia chembamba karibu na shamba la Riggonhead. Charles mwenyewe aliteleza akiruka mtaro, akapiga magoti matopeni.

Dhana nyingine: Cope hakujua lolote mpaka panga zilipomfikia. Doria zake ziliwabaini wangali njiani, naye akageuza jeshi zima likatazama mashariki kabla ya pambano. Mimi kwa hilo nampa maksi. Kugeuza safu gizani si mchezo. Tatizo ni watu aliokuwa nao. Wengi hawakuwa wamewahi kuonja vita. Wahudumu wa mizinga walitimka, Kanali Whitefoord akabaki akiifyatua mwenyewe, kisha wapanda farasi nao wakageuza farasi. Askari wa miguu wakaachwa peke yao mbele ya panga. Robo saa haikuisha, mambo yakawa yamekwisha.

Na wanaosema ilikuwa Scotland dhidi ya Uingereza wamtazame Kanali James Gardiner: Mskoti, ofisa wa Mfalme George, aliyejeruhiwa vibaya hadi kufa akipigana jirani kabisa na nyumba yake mwenyewe.