Chembe nyeupe za damu: namba kwenye karatasi inasema nini?

Swali: Majibu ya damu yameandikwa WBC 12.4, na kando yake kuna herufi H. Ninaumwa?

Jibu: Huenda, na huenda huumwi. WBC ni chembe nyeupe za damu, zinazotengenezwa kwenye uboho wa mifupa kupambana na maambukizi. Kwa mtu mzima, maabara nyingi huchukua 4,000 hadi 11,000 kwa mikrolita moja ya damu kuwa kawaida. 12.4 yako ni 12,400. Hiyo H, yaani "high" (juu), mashine huichapa yenyewe namba ikivuka mstari. Haijui kwamba ulipanda ngazi mbio kuwahi foleni.

Swali: Ngazi zinahusu nini hapa?

Jibu: Zinahusu sana. Chembe nyeupe hazielei zote na mkondo wa damu. Nyingi za kundi kubwa zaidi, nyutrofili, hukaa zimejishikiza kwenye kuta za mishipa. Ukikimbia au ukishtuka, adrenalini huzibandua, zikaingia mkondoni, na sindano ikazichota. Hakuna chembe mpya iliyozaliwa, zimehama tu. Dawa kama prednisoloni nazo hupandisha namba, vivyo hivyo sigara na ujauzito. Kichanga akiwa na 20,000 siku ya kuzaliwa, hakuna wa kushtuka.

Swali: Nitajuaje basi kama ni ugonjwa?

Jibu: Shuka chini kwenye karatasi, kwenye mchanganuo wa aina. Nyutrofili zikiwa nyingi, mara nyingi ni bakteria au jeraha. Limfosaiti hupanda zaidi kwa virusi. Esinofili? Fikiria mzio, au minyoo. Saratani ya damu ndiyo wengi huiwazia kwanza, ila daktari huishuku zaidi namba ikiwa juu mno, zikionekana chembe changa kwenye darubini, au chembe nyekundu na chembe sahani (zile za kugandisha damu) zikiwa zimepungua pia.

Swali: Na zikiwa chache?

Jibu: Mafua makali yanaweza kuzishusha kwa muda. VVU, lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe), upungufu wa vitamini B12 au foleti, dawa za saratani na baadhi ya dawa za tezi ya shingo pia huzishusha.

Kuna jambo husahaulika hata na wahudumu. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana nyutrofili chini ya 1,500, kiwango ambacho vitabu hukiita pungufu, na ni wazima kabisa. Chanzo ni tofauti ya kurithi kwenye chembe nyekundu, iitwayo Duffy, ambayo pia huwakinga kwa kiasi kikubwa na aina ya malaria iitwayo vivax. Wapo waliozungushwa vipimo bure kwa sababu hiyo.

Nyutrofili zikishuka chini ya 500 hapo hakuna mzaha. Mgonjwa anayetumia dawa za saratani akipata homa ya nyuzi 38, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Swali: Nile nini ziongezeke?

Jibu: Kama huna upungufu wa lishe, hakuna chakula wala juisi ya kuzipandisha.

Swali: Nikirudi kwa daktari nibebe nini?

Jibu: Majina ya dawa zako zote, na majibu ya zamani. Chembe 3,400 zilizokaa hapo hapo miaka mitano ni habari moja; 3,400 zilizoshuka kutoka 9,000 mwezi uliopita ni habari nyingine kabisa.