Mama aliyefichwa: maana yake katika picha za kale za watoto

Chukua picha ya studio ya Uingereza au Marekani ya miaka ya 1860. Mtoto wa miezi sita hivi, gauni jeupe refu, amekaa kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa kizito cha maua. Ukikazia macho unaona kiti kina mabega. Kina na magoti. Na hapo ubavuni mwa mtoto, kwenye mkunjo wa kitambaa, vimechomoza vidole vinne.

Huyo ndiye mama aliyefichwa: mtu mzima aliyejifunika shuka, pazia au zulia huku amempakata mtoto anayepigwa picha. Jina hilo limetolewa na wakusanyaji wa picha za kale wa siku hizi, na si lazima awe mama kweli. Angeweza kuwa yaya, baba, hata msaidizi wa studio.

Chanzo chake ni kasi ndogo ya kamera za wakati ule. Mwaka 1851 Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kolodioni: kioo kinapakwa dawa na kutumiwa kupigia picha kingali kibichi. Studio ilitegemea jua lililopita kwenye paa la vioo, kwa hiyo picha moja ilichukua sekunde kadhaa, na siku ya mawingu zaidi. Mtu mzima aliwekewa nyuma ya kisogo chuma cha kuegemeza kichwa, akatulia. Mtoto mchanga utamwegemeza kwenye nini? Akigeuka tu, uso unatoka ukungu mtupu. Dawa yake ilikuwa mapaja ya mtu anayemjua.

Basi kwa nini wasimpige mama pamoja naye? Kwa sababu aliyetakiwa ni mtoto peke yake. Tangu mpiga picha Disdéri apate hataza ya picha ndogo za kadi huko Paris mwaka 1854, watu waliziagiza nyingi kwa mpigo na kuwagawia ndugu. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau: mara nyingi picha iliwekwa nyuma ya karatasi ngumu yenye tundu la umbo la yai, na zile nguo na vidole vikafunikwa kabisa. Leo karatasi imeng'olewa, ndiyo maana tunaona kama mzuka. Wenyewe hawakuuona. Zinazonisumbua mimi ni chache ambazo uso wa mama umekwanguliwa kwa ncha kali. Hapo kitambaa kingekuwa heshima.

Mitandaoni utaambiwa watoto hao walikuwa maiti. Picha za marehemu zilikuwepo kweli, lakini hebu fikiri: maiti ya nini kuishikilia isitikisike?

Mabamba makavu ya jelatini, yaani vioo vilivyopakwa dawa mapema na kukaushwa, yaliyoanza na Richard Leach Maddox mwaka 1871, yalipoenea miaka ya 1880, picha ikawa ya chini ya sekunde moja na shuka likakunjwa. Si kila mahali, lakini. Mpeleke mtoto wa miezi mitatu studio ya mtaani akapigwe picha ya pasipoti. Kitambaa cheupe utatupiwa wewe kichwani, utaambiwa umshike shingo kwa nyuma, na kabla taa haijawaka utasikia: "Mama, inama kidogo, mkono unaonekana."